Akiba Iliyooza

Fundo lilikataa kucha, likakataa ncha ya uma, mwishowe nikalifungua kwa meno.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Juni 2025. Nimekaa sakafuni chumbani kwangu Mbagala, sanduku la bati la mama liko wazi mbele yangu. Mama alifariki Novemba 2024. Baada ya arobaini dada aliniambia nilichukue mimi, yeye hana nguvu za kulifungua. Wala mimi sikuwa nazo. Nililisukuma chini ya kitanda, na kila nilipofagia nililizunguka taratibu, kama mtu anayefagia karibu na mgeni aliyelala.

Ndani mlikuwa na doti ishirini na tatu. Mama hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa na kanga. Akinuniana na jirani, alipita barazani kwake kwenda dukani kununua kiberiti asichokihitaji, na jirani akasoma jibu lake mgongoni. Niliikuta ile ya bluu, "Usisafirie nyota ya mwenzio", iliyowahi kuzua balaa la wiki nzima uani kwetu Ngamiani, Tanga. Chini kabisa kilikuwepo kisutu chake cha harusi, chekundu, cheusi na cheupe. Kisutu hakina jina, yaani hakina maneno ya kusoma. Kwenye ncha ya pindo lake kulikuwa na fundo la ukubwa wa limau.

Noti zilikuwa zimekunjwa moja ndani ya nyingine. Nje kulikuwa na tembo, elfu kumi kumi. Ndani ya tembo walikuwepo twiga, zile noti za 1997, za mia tano na za elfu. Na katikati kabisa, laini kama kitambaa kilichofuliwa sana, mia mbili mbili zenye uso wa Rais Mwinyi.

Nilihesabu mara mbili. Shilingi 95,000.

Halafu nikakumbuka tarehe.

Benki Kuu ilikuwa imetoa siku 90, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, watu warudishe noti za zamani: zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na mia tano ya karatasi ya 2010. Baada ya hapo, basi. Na tangazo lile mimi ndiye niliyelisambaza kwenye kundi la familia la WhatsApp. Niliandika, "Jamani, angalieni chini ya magodoro ya wazee," nikamalizia na kile kisura cha kucheka machozi. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda nilichokuwa nimelalia nikiandika.

Katika elfu tisini na tano zile, ni tembo wawili tu wa toleo la 2010 waliokuwa bado pesa. Elfu sabini na tano ni karatasi.

Mama alikuwa na neno moja la kufungia kila mazungumzo ya pesa. Akiba haiozi.

Yale ya mdomoni

Mengi aliyotufundisha yalikuwa madogo, ya jikoni, na ninayafuata mpaka leo bila kujua sababu. Usiazime chumvi baada ya magharibi. Kitumbua usikigeuze kwa pupa, kingoje kiachie chuma chenyewe. Ukiwa kijumbe, mkusanyaji wa pesa za mchezo wa kupeana kwa zamu, hesabu pesa za watu mbele ya watu, na zako uzihesabu mwisho. Mgeni akija mkiwa mnakula, usimuulize kama ameshakula.

Na hili, alilolisema akiwa anasuka, anapepeta mchele, anafunga mlango usiku: mwanamke asilale bila senti yake.

Dada na mimi tulilisikia hivyo hivyo, kama vile mtu asilale bila kunawa miguu. Niliolewa 2011. Mwaka uliofuata nilisajili laini ya pili, nikawa naweka humo kila mwezi kidogo kilichobaki, na kadi yenyewe nikaitia kwenye mkebe wa iliki. Mume wangu hapiki pilau. Sikuona kama ninamficha kitu. Niliona ninafanya kama wanawake wanavyofanya.

Sasa mbele yangu kulikuwa na somo lenyewe, limekunjwa kwa tabaka, limeoza.

Nilicheka. Nikapiga picha, nikamtumia dada. Nilidhani na yeye atacheka.

"Kwa hiyo zilikuwepo"

Alinipigia baada ya dakika tano. Hakusalimia.

"Hizo za Mwinyi na za twiga ni kiasi gani?"

"Elfu kumi na tano zote pamoja."

Kimya. Nikasikia pikipiki ikipita kwake.

"Kwa hiyo zilikuwepo," akasema, akakata.

Hakunipigia tena kwa wiki tano. Na hapo ndipo jambo hili lilipoanza kunisumbua, kwa sababu nilihitaji kama saa nzima kuelewa alichokuwa anahesabu.

Mwishoni mwa 1997 mama alikuwa kijumbe wa mchezo wa wanawake kumi na wawili. Mmoja akapokea zamu yake, akahama usiku na watoto wake. Waliobaki walimtazama mama, na mama hakutetea. Aliuza cherehani, akawalipa mpaka wa mwisho. Hadithi hii tumeisimulia misibani na harusini kama sifa yake, na ni sifa kweli. Tunachokiruka siku zote ni kilichofuata. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikilipa ada. Januari 1998 dada, kidato cha pili, akarudishwa nyumbani.

Alikaa wiki tatu. Asubuhi alikuwa anavaa sare, anakaa barazani na daftari la hesabu, wenzake wakipita anaingia ndani. Baba, ambaye kazi yake bandarini ilikuwa ya kubahatisha, mwishowe akauza baiskeli. Kuanzia hapo alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu mpaka mwili ukachoka. Dada alirudi darasani, lakini mwenyewe husema hesabu zilishamwacha kituoni. Alimaliza kidato cha nne kwa daraja la nne. Leo anauza vifaa vya shule, jambo ambalo yeye huliona la kuchekesha na mimi sijawahi kuliona hivyo.

Elfu kumi na tano zingetosha ada, na chenji ingebaki.

Zilikuwa sandukuni. Mama alilala juu ya kitanda kilichokuwa juu ya sanduku.

Sijui kama nimewahi kumkasirikia mama akiwa hai kama nilivyomkasirikia wiki ile akiwa kaburini. Nilikuwa nasonya peke yangu kwenye daladala. Uchumi gani huu? Unamtoa mtoto shuleni, unamwacha mwanaume auze baiskeli, na wewe una pesa umeifunga fundo?

Mahindi ya stendi

Nina kumbukumbu moja ya utotoni ambayo nimekuwa nikiisimulia kama kisa cha furaha. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alitupeleka stendi kuangalia mabasi. Tulivaa nguo za Idi. Alitununulia mahindi ya kuchoma, tukakaa kwenye benchi la saruji, mabasi yakaingia na kutoka, na mama akazungumza na mwanaume mwenye kalamu sikioni aliyekuwa anatikisa kichwa. Mvua ikaanza. Tukarudi nyumbani, mama akapika wali wa nazi katikati ya wiki.

Wali wa nazi katikati ya wiki, sisi? Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza.

Baada ya wiki mbili za kusonya nilimpigia mama mdogo, Kilwa Kivinje. Ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu wa mama.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, isipokuwa nilikuwa nawasikia kuku wake.

"Lilikuwa kwenye kisutu?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo si akiba. Hiyo nauli."

Bibi ndiye aliyemfungia mama fundo la kwanza, siku anaolewa, 1978. Alimwambia Tanga ni mbali, na mtu aliye mbali asije akaiomba nauli kwa yule anayetaka kumkimbia. Nauli ilipopanda mama alijazia. Tulipozaliwa akazidisha, iwe ya watu watatu. Watoto hawaachwi.

"Kwani baba alimfanya nini?"

"Ya chumbani kwao sikuhadithii, mwanangu. Mwenyewe hayupo kunipa ruhusa."

Sikumbana. Baba tuliyemjua sisi alikuwa mtu mpole aliyetuchongea vijiti vya kuhesabia. Mpaka leo sijui niweke wapi jibu lile la mama mdogo, na nimeamua kuliacha liendelee kukaa hivyo, halina pa kukaa.

Lakini nilimuuliza kuhusu stendi. Akashangaa kwamba nakumbuka.

"Siku ile alikuwa anakuja. Alishatuma salamu. Tulimngoja siku nne."

Niliketi kwenye ngazi za ofisini. Nikauliza swali ambalo, nikilitazama sasa, lilikuwa linaomba jibu fulani. Nilitaka aniambie kwamba mama alitutazama sisi wawili na midomo yetu myeusi kwa mahindi, moyo ukalegea, akarudi kwa ajili yetu.

"Kwa nini alirudi?"

"Si zile mvua!" mama mdogo akasema. "El Niño, umesahau? Rufiji ilijaa, barabara imekatika, kivuko hakivuki. Angepita wapi?"

Daraja

Wasomaji wa kusini hawahitaji kuelezwa. Wengine mniwie radhi kidogo: kabla ya daraja, kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara kwa gari kulikuwa ni suala la dua. Ulifika Ndundu ukangoja pantoni, na masika yakishika, ulingoja zaidi ya siku. Watu walizaa njiani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na tangu hapo mtu anauvuka Mto Rufiji bila hata kuamka usingizini.

Kwa hiyo mama hakurudi kwa mapenzi. Alirudishwa na maji.

Nilibeba sentensi hiyo kwa siku kadhaa na ilikuwa nzito. Ninaishi kando ya Barabara ya Kilwa; mabasi ya kusini yanapita mbele ya duka ninaponunua mkate. Nilikuwa nasimama na mkate wangu nikiyatazama, Nangurukuru, Lindi, Masasi, nawaza kwamba laiti mvua zile zingechelewa wiki moja, mimi ningekuwa mtu wa Kivinje. Nisingesoma nilikosoma wala nisingekutana na niliyekutana naye. Labda ningekuwa na furaha tu, sijui. Utoto wangu wote umesimama juu ya pantoni lililokwama.

Kisha usiku mmoja, sina usingizi, nikazitandaza tena noti kitandani kwa mpangilio wake. Mwinyi. Twiga. Tembo.

Nikawatazama wale tembo sita wa zamani. Toleo lao ni la 2003.

Noti hizo zilitoka mwaka ule ule daraja lilipofunguliwa. Mama alizitia fundoni wakati njia iko wazi, kavu, ya lami kwa sehemu kubwa, na elfu sitini inatosha nauli na soda njiani. Na wale wawili wa 2010 aliwatia baba ameshafariki mwaka mzima uliopita, wakati hapakuwa tena na mtu wa kumkimbia.

Daraja lipo. Nauli ipo. Na mama yuko Ngamiani, anakaanga vitumbua.

Sisemi ninajua maana yake. Mama mdogo naye nilipomwambia alisema tu, "Eh." Lakini hasira yangu ya ada ilibadilika sura usiku ule, ingawa haikuisha. Nilianza kuona kwamba siku ile ya 1998 mama hakuwa na elfu kumi na tano na mtoto asiye na ada. Alikuwa na mlango mmoja, na alitakiwa aukate kuni.

Kabla hamjaniandikia kuhusu sheria

Najua. Sheria ya Ndoa ni ya 1971, na inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe. Mama aliolewa ikiwa na miaka saba. Na 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ikasema kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kazi yangu ni uhasibu, si uwakili, lakini shauri hilo nililielezwa kwenye semina moja na sijalisahau kwa sababu ya mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe alikuwa amewahi kumpa fedha za mradi wa familia, na mahakama ikaona alizitapanya. Wanawake wa nchi nzima wakapata kanuni, mwenye kesi akarudi mikono mitupu.

Mama hakuwahi kumsikia Bi Hawa. Ila nadhani wangeelewana haraka, hasa kwenye suala la pesa ambayo mtu mwingine anajua ulipewa.

"Hii laini ya nani?"

Binti yangu ana miaka kumi na tatu na, tofauti na baba yake, anapika pilau.

Alikuja sebuleni na mkebe wa iliki mkononi. Tulikuwa wawili tu. Alishaisikia hadithi ya fundo, kwa sababu wiki zile sikuwa na hadithi nyingine.

"Mama, hii laini ya nani?"

"Yangu."

"Baba anajua?"

Sikujibu. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, kwa uso wa mtu anayejumlisha.

"Kwa hiyo na wewe unataka kuondoka?"

Nilisema hapana haraka sana. Ilikuwa kweli, na ilisikika kama uongo. Nikajaribu kumweleza kwamba si kuondoka, ni tahadhari, ni kama vile... Akanikata, bila ubaya, kwa swali la mtoto wa mjini anayependa mambo yaeleweke:

"Bibi alikuwa na nauli ya Kilwa. Yako ni ya kwenda wapi?"

Vyumba vya Ngamiani tulipanga. Mwenye nyumba alishaweka watu wengine. Kivinje sijaishi hata mwezi. Nina miaka kumi na tatu ya kuweka nauli na sijawahi kufikiria kituo.

Usiku ule nilimwambia mume wangu. Msinipongeze; niliogopa mtoto atanitangulia. Nilimweleza yote, mkebe, mwaka, kiasi. Yeye ni fundi umeme, mtu wa kutafuta hitilafu iko wapi kabla ya kusema neno. Alikaa muda.

"Na 2016 ilikuwepo?"

2016 baba yake alifanyiwa upasuaji. Alikopa kwa mtu wa mtaani, kwa riba, na tulilipa deni lile mwaka na miezi minne. Nilimwona akihesabu noti mezani kila mwisho wa mwezi. Nilimpikia. Nilimwambia Mungu atafungua njia. Kwenye mkebe mlikuwa na laki nane.

"Ilikuwepo," nikasema.

Alitoka nje akakaa kwenye ndoo, karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimelisikia neno lile lile wiki chache kabla, kwenye simu, na nilikuwa upande wa anayedai. Sasa nilikuwa upande wa mama. Nikatafuta namna ya kujitetea na nikakuta sina yake: yeye alikuwa na bibi aliyemfungia fundo, na chumbani kwao mambo ambayo mtu mpaka leo anakataa kunihadithia. Mimi nilikuwa na mume aliyeshinda juu ya nguzo za watu ili arudi na kitu. Nilichukua dawa ya mama nikainywa bila kuugua.

Au labda sivyo. Labda sikuugua kwa sababu niliinywa. Nimezunguka hapo wiki nzima na kila siku nalala na jibu tofauti.

Alirudi ndani usiku wa manane. Aliniuliza kama kuna chai. Tangu hapo tunaongea vizuri, tena kwa heshima sana, kama watu waliotambulishwa juzi. Laini bado iko kwenye mkebe. Hajaniomba niitoe na sijaamua.

Wiki ya tano

Dada alipiga Ijumaa, saa za mchana, wakati ambao kwa kawaida yuko na wateja.

Alisema amekumbuka stendi. Yeye alikuwa na miaka kumi na tano siku ile, yeye ndiye aliyebeba mkoba, na alijua hatuendi kuangalia mabasi. Alidhani nauli mama aliikopa kwa wale wa mchezo na kwamba kesho yake aliirudisha. Ndiyo maana hakuwahi kumdai.

"Ningejua ningemdai," akasema. "Na angenipa. Ndiyo maana hakuniambia."

Nikamwambia kuhusu wale tembo wa 2003. Hakusema kitu. Akaniambia nimwekee zile za Mwinyi, zote kumi, asizipate mtoto akachezea. Zile za twiga hazitaki.

Kisha nikamsimulia ya kwangu: iliki, binti, ndoo karibu na tangi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuguna, jambo ambalo si kawaida yake.

"Humo kwenye laini kuna kiasi gani sasa?"

"Laki sita na kitu."

Nikamsikia akipiga hesabu kwa sauti ya chini. Yeye na mimi, na binti yangu, na mdogo wake.

"Haitoshi," akasema, na akaniuliza mchele Mbagala unauzwaje kilo.